Maswali yenu: Imeili natuma, mbona hazifiki?

Mwezi huu barua zenu zimegongana kwenye jambo moja. Watu wa utalii, wa saccos, wa maduka, hadi muuza udi wa huko Oman, kilio ni kimoja, imeili za ofa na taarifa wanatuma lakini wateja hawazioni, zinaangukia spamu au zinapotelea hewani. Kwa hiyo maswali ya simu na laptopu nimeyaweka pembeni kidogo, yatakuja, leo tumalizane na hili manake naona watu wanapoteza wateja halali kabisa, wateja waliowapata kwa jasho, na wengine wanafundishwa ujanja ambao ndo unazidi kuwaharibia. Mashine zinazochuja imeili zina maswali mawili makubwa: huyu anayesema ni fulani, ni yeye kweli? Na hawa anaowaandikia, wanamtaka? Karibu kila nitakachojibu hapa chini kinatoka humo.

Shikamoo anko. Mimi na mume wangu tuna kampuni ndogo Arusha, tunapeleka wageni Ngorongoro na kupandisha watu Kilimanjaro. Tuna imeili za wageni kama 600 waliokwisha kuja, wengi Wajerumani na Waholanzi, wenyewe walituandikia kwenye kitabu cha wageni wakasema tuwatumie habari. Tunatumia huduma ya kutuma kwa mkupuo, ila kwenye jina la mtumaji tumeweka ile Gmail yetu maana ndo wanayoijua. Mgeni mmoja katuambia katukuta spamu, tukauliza wengine wanne, wote vilevile. Zamani haikuwa hivi. Tumekosea wapi?

Marahaba mama. Kosa ni hiyo Gmail kwenye jina la mtumaji, na mmelifanya kwa nia njema kabisa, ndo maana linawakamata watu wengi.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Imeili ilitengenezwa enzi watu wa mtandao ni wachache na wanajuana, ule utaratibu wa seva, yaani kompyuta zinazobeba na kupokea imeili, kupelekeana barua Jonathan Postel aliuandika 1982 na ndani yake hakuna mahali seva inamwambia mtumaji thibitisha jina lako, yaani mtu aliweza kuandika jina lolote, la benki, la waziri, la kwako wewe, na barua ikaenda. Matapeli wamepitia mlango huo miaka yote. Makomeo yamekuja kuwekwa baadaye, yako matatu, yanaitwa SPF, DKIM na DMARC.

Mfano wa huku kwetu. Unajua ukitaka huduma fulani unaambiwa lete barua ya serikali ya mtaa. Sasa SPF ni orodha aliyoachiwa mlinzi getini, yaani seva inayopokea barua, inasema wanaoruhusiwa kubeba barua za kampuni yetu ni hawa na hawa, akija mwingine mtilie shaka. DKIM ni muhuri wa mwenyekiti, ila huu ni muhuri wa kihesabu, mtu akibadilisha hata herufi moja njiani muhuri unakataa. DMARC ni agizo kwa mlinzi, linasema jina analoliona msomaji juu ya barua lazima lifanane na lile lililopita kwenye orodha au kwenye muhuri, na lisipofanana ufanye nini, uiachie, uiweke kando au uirudishe.

Sasa jiangalieni nyie. Juu ya barua mmeandika gmail.com, lakini aliyebeba ni seva ya ile huduma ya mkupuo, na muhuri ni wa ile huduma, Google hawamjui. Kwa mlinzi mnafanana moja kwa moja na tapeli anayejifanya nyie. Na mpo sahihi kwamba zamani haikuwa hivi, Oktoba 2023 Google na Yahoo walitangaza masharti mapya wakaanza kuyasimamia Februari 2024, na Google wakasema wazi usijifanye unatoka gmail.com wakati hutumi kupitia Gmail. Microsoft nao wakaja na ya kwao kwa Outlook na Hotmail Mei 2025. Masharti mazito zaidi ni ya anayetuma 5,000 kwa siku na kuendelea, huyo lazima awe na makomeo yote matatu. Kwa wa 600 kama nyie Gmail inataka angalau SPF au DKIM, lakini wekeni yote, ukishajua pa kuingia ni kazi ya mchana mmoja.

Kwa hiyo, nunueni domeini yenu, yaani jina lenu la mtandaoni, lile linalokaa baada ya @, kama mna tovuti basi mnayo tayari na hamuitumii. Tengenezeni anwani ya habari au karibu kwenye domeini hiyo. Halafu ingieni kwenye ile huduma ya mkupuo, wana ukurasa wa kuthibitisha domeini, watawapa mistari kadhaa ya kunakili, mnaenda kuibandika kwenye DNS, yaani daftari la domeini yenu ambalo seva zote zinalisoma, kule mliponunua domeini. DMARC anzeni na ile laini inayosema p=none, hiyo haizuii chochote, na mkiongeza hapo rua=mailto: na anwani yenu mtaletewa ripoti. Mkimaliza jitumieni imeili moja kwenye Gmail yenu, bonyezeni vile vidoti vitatu pembeni, chagueni kuona ujumbe wa asili, juu kabisa mtaona SPF, DKIM, DMARC na neno PASS mbele ya kila moja. Hata moja likikosa PASS msitume kwa watu, rudini mkaangalie mlichobandika, mara nyingi ni nafasi au alama ya nukta iliyozidi.

Na tafadhali mama msirushe 600 zote siku ya kwanza. Domeini mpya ni kama mgeni mtaani, akianza na kelele watu wanafunga milango. Anzeni na wale wageni 40 au 50 ambao bado mnaandikiana, waambieni anwani imebadilika, waombeni wajibu hata neno moja na kama imeili yenu wameikuta spamu waitoe. Mtu kujibu na kuitoa imeili kule kwenye spamu ni ushahidi wenye nguvu sana mbele ya zile mashine. Wiki inayofuata ongezeni mia, na kuendelea.

Kaka vipi. Nina duka la vyombo Kariakoo. Kuna jamaa kwenye grupu la WhatsApp anauza listi ya imeili 20,000 za wafanyabiashara wa Dar na mikoani, nimeshainunua, sasa nauliza programu ipi nzuri ya kuzituma bila kuzuiliwa.

Usizitume kaka. Najua hela imeshatoka na inauma, lakini hasara ya hiyo listi bado haijaanza, inaanza siku utakapobonyeza kutuma.

Nikwambie kilichomo humo ndani. Sehemu kubwa ni anwani zilizokufa, mtu aliacha kazi, kampuni ilifungwa, na Google tangu Desemba 2023 wameanza kufuta akaunti binafsi ambazo hazijaguswa miaka 2, kwa hiyo listi iliyozunguka kwenye magrupu miaka mitano ina makaburi mengi. Kila ukiandikia kaburi seva inakurudishia jibu la kosa namba 550, kwamba hakuna mtu kama huyo, na kule upande wa pili wanahesabu. Anayeandikia wasiokuwepo mia mbili mia tatu kwa mkupuo anajulikana mara moja kwamba hajaandikiana na hao watu kamwe.

Kibaya zaidi ni mitego. Kuna anwani ambazo hazijawahi kuwa za mtu yeyote, zimefichwa kwenye kurasa za mtandao ili programu za kukusanya imeili zizinase, na kuna nyingine zilikuwa za watu zikaachwa muda mrefu halafu wenye seva wakazifufua kama chambo. Hakuna binadamu aliyewahi kukupa anwani hiyo, kwa hiyo ukiiandikia umejishtaki mwenyewe. Wapo watu kazi yao ni hiyo, Spamhaus iliyoanzishwa na Steve Linford 1998 ndo maarufu kuliko wote, wana orodha ya watumaji wabaya na watoa huduma za imeili duniani kote wanaisoma kabla ya kupokea barua. Ukiingia humo, hata ile imeili ya kawaida ya kumtumia mteja wako proforma haitafika. Umeona hatari? Ofa ya sufuria inaua mawasiliano ya duka zima.

Halafu sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume yake. Kenya wana ya kwao ya 2019. Imeili ya mtu yenye jina lake ni taarifa yake, yule jamaa wa grupu hana haki ya kuiuza na wewe huna karatasi yoyote ya kuonyesha ulikopata ridhaa.

Cha kufanya, futa hiyo listi. Duka la Kariakoo watu wanaingia kila siku, weka daftari au fomu ndogo pale kaunta, mwambie mteja wa jumla nikutumie bei mpya kila mwezi? Akisema ndiyo andika. Kwa mwaka ukipata 300 wa namna hiyo una mali. Na kwa biashara yako mimi kwa kweli ningeuliza kwanza kama wanataka imeili au WhatsApp, wanunuzi wengi wa vyombo hawafungui imeili wiki nzima.

Nimeambiwa nisiandike BURE, OFA wala PUNGUZO kwenye kichwa cha imeili kwa sababu zinapelekwa spamu. Kweli?

Ilikuwa na ukweli zaidi zamani, miaka ya 2000 filta nyingi zilikuwa zinahesabu maneno. Siku hizi neno moja halikuangushi, duka lenye jina safi linaandika OFA kila Ijumaa na inafika inboksi. Kinachosumbua ni mkusanyiko, herufi kubwa mwanzo mwisho, alama za mshangao sita, imeili nzima ni picha moja bila maandishi, na zile linki za kufupishwa ambazo matapeli wanazitumia kuficha waendako. Weka linki ya tovuti yako kamili. Ondoa pia viambatisho, katalogi iweke mtandaoni.

Habari yako. Niko Nairobi, nafunza watu hesabu za biashara online na nina wanafunzi wa zamani kama 7,000 kwa listi. Naskia lazima niweke batani ya kujitoa kwa imeili. Si wote watatoka? Saa hii yangu imeandikwa chini kabisa kwa maandishi madogo na mtu lazima anitumie imeili kuomba kutolewa.

Nzuri sana dada, asante kwa kuuliza waziwazi, wengi wanafanya hivyo hivyo na hawasemi.

Fikiria mtu amechoka na imeili zako. Mbele yake kuna milango miwili, mmoja ni wako, umefichwa chini, unataka aandike barua kuomba ruhusa. Mwingine ni wa Gmail, uko juu kabisa, kitufe kinachosema ripoti spamu, sekunde moja kazi imekwisha. Atatumia upi? Na mlango wa pili ndo unaokuua wewe. Google wanasema malalamiko yasifike 0.3%, yaani watu 3 katika kila 1,000, na wanataka ukae chini ya mmoja katika 1,000. Kwa listi yako ya 7,000 zikiwafikia wote, watu 21 tu wakibonyeza spamu umeshafika kwenye ukingo. Ishirini na moja! Darasa moja dogo linaweza kuwafungia wengine wote wasikupate. Sasa kati ya hao 21 kulaumu na 200 kuondoka kwa amani, mimi nakuombea hao 200 waondoke leo.

Na kwako hili sio hiari, ikiwa 5,000 au zaidi kati ya hao 7,000 wako Gmail na unawatumia siku moja, unafika ile 5,000 kwa siku, na ukishavuka mara moja Google wanakuhesabu mtumaji wa mkupuo moja kwa moja, kupunguza baadaye hakukutoi. Wanataka kitufe cha kujitoa kwa mbofyo mmoja, kile kinachotokea juu karibu na jina lako, na aliyejitoa awe ametolewa ndani ya siku 2. Huduma nyingi za mkupuo zinakiweka zenyewe, hakikisha tu hujakizima. Usimwulize maswali wala kumwambia aingize paswedi ndo atoke.

Alafu hao ambao hawajafungua chochote mwaka mzima, waandikie barua moja fupi, bado unataka hizi? Asiyejibu mtoe mwenyewe. Najua inaumiza kuona 7,000 inakuwa 4,000, lakini hao 3,000 hawakuwa wakikusoma, walikuwa wanaiambia mashine kimyakimya kwamba wewe si wa muhimu.

Mimi ni mhasibu wa saccos Mbeya. Sisi hatutangazi biashara, tunatuma taarifa za michango na mikopo kwa wanachama wetu wenyewe, kutoka domeini yetu. Hadi mwaka jana zilikuwa zinafika. Tulipoanza kutumia mfumo mpya wa uhasibu unaotuma wenyewe, zote spamu, hata zile tunazoandika kwa mkono. Fundi anasema ameweka SPF ya mfumo mpya na iko sawa.

Pole sana ndugu, taarifa ya mkopo sio kitu cha kupotea, mwanachama anaweza kudhani mnamficha hela yake.

Neno lako moja limenishtua, ameweka. Naomba mwulize, aliongeza ndani ya ile SPF ya zamani au alibandika nyingine pembeni yake? Kwa maelezo yako naona ni ya pili. Domeini moja inatakiwa kuwa na laini moja tu ya SPF, zikiwa mbili mlinzi hachagui nzuri, anazikataa zote mbili kama kosa, ndo maana hata zile za mkono ambazo zilikuwa zinafika zimeanza kupotea. Mafundi wengi wanateleza hapo kwa sababu kila laini ukiisoma peke yake iko sawa kabisa. Dawa ni kuziunganisha, inaanza v=spf1 mara moja, katikati mnataja seva ya zamani na mfumo mpya, mwisho ~all mara moja. Na muangalie msirundike huduma humo ndani, zile include, yaani maneno yanayomtuma mlinzi akasome orodha ya huduma nyingine, zina kikomo, mlinzi anaruhusiwa kutafuta mara 10 tu, ikizidi hapo anakataa tena.

Kama sio hilo, angalieni seva. Hostingi za bei ya chini, yaani wanaokukodishia seva, mnakaa tovuti mamia kwenye IP moja, ile namba ya seva mtandaoni, jirani mmoja akidukuliwa akaanza kumwaga uchafu mnaharibikiwa wote, kama nyumba ya kupanga yenye mita moja ya umeme. Waulizeni wenye hostingi kama hiyo IP yenu iko kwenye orodha nyeusi yoyote, na kama imeili zinapita njia ya peke yake. Mimi kwa taarifa za hela za watu ningetenganisha kabisa, taarifa za wanachama zitoke kwenye kijidomeini chake, na siku mkianza kutuma matangazo ya semina na mikopo mipya yatoke kwingine, ili tangazo likichukiwa lisiburute taarifa ya mchango.

As-salaam alaykum. Niko Maskati, nauza udi na bukhuri, wateja wangu Oman, Zanzibar na ndugu walioko Uingereza. Ripoti inanambia zaidi ya nusu wanafungua imeili zangu lakini mauzo hayaonekani. Na mwengine kanambia zinaingia kwenye Promosheni, je hiyo si spamu?

Wa alaykumu salaam. Promosheni sio spamu, ni chumba kingine cha nyumba ileile, Gmail walianza kuvigawa 2013, na mtu anayetaka kununua bukhuri huingia humo mwenyewe. Usihangaike kukitoroka.

Hiyo ya kufungua ndo usiiamini. Kufungua kunapimwa kwa kijipicha kisichoonekana ndani ya imeili, kikipakuliwa mashine inasema kafungua. Tokea Septemba 2021 programu ya imeili ya Apple, mtu akikubali ile kinga yake, inapakua vijipicha hivyo yenyewe hata kama mwenye simu hajagusa, na wateja wa Uingereza na Ghuba iPhone zimejaa. Kwa hiyo ile nusu ina watu waliolala. Hesabu mibofyo, majibu, na oda.

Tuna nyumba za wageni Diani. Wageni wawili wamelipa amana kwa akaunti isiyo yetu, walipata imeili yenye jina letu kabisa na anwani yetu. Sisi hatukutuma. DMARC tunayo, fundi ameweka p=none. Tufanye nini?

Poleni sana, na wageni wenu pia. Hii p=none inatazama tu, haimfungi mtu mkono, tapeli anaandika jina lenu na seva ya mgeni inapokea. Angalieni ripoti zinazokuja, mtaona kila seva inayotuma kwa jina lenu, hakikisheni zenu zote halali, pamoja na ule mfumo wa kubuku na huduma ya mkupuo, zina PASS, zipeni wiki mbili tatu, kisha hamieni p=quarantine, yaani iweke kando, na zikitulia nendeni p=reject, yaani irudishe. Msiruke moja kwa moja mkaja kuzuia uthibitisho wenu wenyewe.

Lakini kabla ya yote hayo, leo hii, badilisheni paswedi ya hiyo imeili na muwashe uthibitisho wa hatua mbili, manake kama tapeli alijua tarehe za kufika na kiasi cha amana basi inawezekana anasoma barua zenu ndani, na hapo DMARC haisaidii chochote. Ingieni kwenye mipangilio mkatafute kama kuna sheria ya kupeleka nakala nje ambayo hamkuiweka nyie, futeni. Waombeni wale wageni wawili wawatumie ile imeili nzima ya asili, mtaangalia anwani herufi kwa herufi, pengine ni domeini inayofanana na yenu kwa herufi moja. Wao wapige benki zao leo, kila saa inayopita hela inazidi kuwa mbali. Na kila mgeni mwenye buking ya miezi hii mpigieni simu kwa namba aliyowapa mwanzo, mmwambie namba ya akaunti yenu haijabadilika.